Sindano ya Mwezi na Mpira wa Alasiri

Assalaam aleikum masheikh, mama zangu, baba zangu, na vijana wa mitaa yetu ya Langoni na Mkomani, hapa Lamu.

Nimeombwa niseme habari ya mpira na wagonjwa wa akili. Naanza na dawa, maana najua kuna atakayetoka hapa akisema, "Muuguzi kasema mwana acheze, sindano ya kila mwezi basi." Sijasema. Mwenye skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kushuku watu, au baipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, anahitaji dawa zake. Anayetaka kumsomea mwanawe Kurani na amsomee, na siku ya kliniki amlete.

Lakini dawa zina mpaka. Zinapunguza sauti anazozisikia peke yake, zinapunguza ile shaka kwamba jirani amemtilia sumu. Kule kujifungia chumbani tangu asubuhi hadi magharibi, hataki kuoga, hataki kusema na mtu, hapo dawa hazina nguvu sana. Nyumbani mnaita uvivu. Ni ugonjwa uleule.

Hapo ndipo timu inapofaa. Kukimbia peke yako ufuoni kunaujenga mwili, ila asiye na hamu hatoki. Timu humfuata. Saa kumi wenzake wako mlangoni: "Twende bwana, beki hatuna!" Pengine ni miaka hajaambiwa na mtu kwamba anahitajika. Aliyezoea kulindwa leo anaambiwa amlinde winga wa upande wa pili. Wazee wa mashua mnanielewa: kwenye mashindano, yule anayekaa kwenye ubao nje ya chombo akiondoka, mnapinduka nyote, na hakuna anayemuuliza jana alikuwaje.

Mwili nao una haki yake. Shirika la Afya Duniani linasema wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na wengi huuawa na moyo, sukari na mfano wa hayo. Dawa kama olanzapini huongeza hamu ya kula na uzito. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya tafiti kadhaa ulionyesha kuwa mazoezi ya kutoa jasho ya kama dakika 90 kwa wiki hupunguza dalili zenyewe za skizofrenia. Hizo ni vipindi viwili vya mechi, basi.

Sasa makocha, nisikilizeni, hapa pana hatari. Jua letu mnalijua. Klopromazini huifanya ngozi iungue upesi, na dawa nyingi za aina hii huuzuia mwili usijipoze vizuri. Anayemeza lithiamu, dawa ya baipola, akitoka jasho jingi bila kunywa maji, dawa hujaa kwenye damu: mikono inatetemeka, anatapika, anayumba, anachanganyikiwa. Huyo ni wa hospitali papo hapo. Kwa hiyo hakuna mpira wa saa nane. Ni baada ya alasiri, na maji yawe kando ya uwanja. Ramadhani, wa lithiamu amwone daktari kabla ya kufunga. Ukimwona mtu amekakamaa kama mti, usimcheke, tuambie. Huenda ni dawa, na inarekebishika. Mashua na kuogelea sivishauri kwa kuanzia, dawa zinaleta usingizi.

Msiunde timu ya "wazimu". Changanyeni. Italia ilipitisha sheria ya kufunga hospitali zake za vichaa mwaka 1978, na baadaye wagonjwa wakawa wanacheza mpira pamoja na wauguzi wao. Mwaka 2018 Roma iliandaa kombe la dunia la mpira wa ukumbini la watu wenye maradhi ya akili, na Italia ikalitwaa. Wala msimwachie afunge bao kwa huruma. Atajua.

Na mabinti? Hao ndio tunaowaficha zaidi. Netiboli ndani ya ua wa shule, watazamaji wanawake watupu, nani atakataa? Mama zangu, naona mnatazamana.

Kocha mmoja ameniuliza kabla ya kikao: akianza kuongea peke yake uwanjani tufanyeje? Mtoe kidogo, akae na mtu anayemjua, apewe maji. Akitulia, arudi. Asipotulia, mleteni kliniki, na nafasi yake kwenye timu msimpe mwingine moja kwa moja.

Haya, maswali. Mzee wa kofia nyeupe, wewe kwanza.