Riwaya ina kwao

Assalaamu alaykum, na habari za jioni. Mlinitaka nizungumze juu ya riwaya nilizosoma mwaka huu na matembezi niliyoyafanya kwa ajili yake. Nimesoma nyingi kuliko jioni moja inavyoweza kubeba, kwa hiyo nitazungumzia tatu, na ya tatu ndiyo itakayokula muda.

Nianze na Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Wengi wenu mliisoma skuli, nami niliisoma hivyo hivyo: nikakariri dhamira, nikakariri wahusika, nikafaulu, nikaifunga. Mwaka huu nimeifungua tena nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Nilipofika pale Yasmin anapokataliwa na jamaa zake akaenda kupokewa na Mwajuma, Ng'ambo, nilitia kitabu mkobani nikatoka. Nikapita vichochoro vya Mji Mkongwe hadi sokoni Darajani, nikavuka barabara.

Kuvuka kwenyewe ni dakika moja, pakiwa na magari mengi labda mbili. Lakini jina la Darajani halikuja bure. Hapo palikuwa na daraja kwa sababu palikuwa na maji. Pwani Ndogo ilipita pale ikautenga Mji Mkongwe na mitaa ya upande wa pili, na hiyo ndiyo Ng'ambo yenyewe. Maji yakafukiwa, daraja likaondoka, majina yakabaki. Tunayataja kila siku tukimwambia kondakta wa daladala atushushe, wala hatuyasikii.

Nilisimama pale na kitabu mkononi, ndipo nikaelewa kwamba yule msichana wa Kihindi, aliyeozwa mwanamume wa umri wa kumzaa, hakuhama nyumba tu. Alitoka upande wa majumba ya mawe akaenda upande wa nyumba za udongo na makuti, katika siku za ukoloni ambapo kila watu waliwekewa upande wao. Kwenye mtihani niliandika kurasa nzima juu ya matabaka. Sikuwa nimeyaona hata siku moja, na nilikuwa nikipita juu yake kila nilipokwenda sokoni.

Kwa Kuli sitakaa sana. Ni ya Adam Shafi huyo huyo, ya mwaka 1979, na ndani yake mna mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948, ulioanzia gatini ukasambaa kwa wafanyakazi wengine mjini. Niliipeleka Malindi, bandarini hapa Unguja, alfajiri, kabla boti ya kwanza ya Dar es Salaam haijaondoka. Wachukuzi walikuwa wamekwisha kufika, mmoja kichwani ana gunia, mwingine anasukuma mkokoteni uliojaa maboksi. Nilisoma kurasa kama kumi nikiwatazama. Mzee mmoja akaniuliza nasoma nini, nikamsomea aya mbili. Akasikiliza, akasema, "Kazi hiyo naijua," akaenda zake kuchukua mzigo.

Hapa nina neno, na nalisema kwa uchungu. Tumewafundisha watoto wetu kwamba riwaya ni kitu cha kujibia maswali. Mtoto anamaliza mtihani, kitabu anampa mdogo wake au anakiuza, na basi, hadi kufa hafungui riwaya nyingine. Waandishi hawa hawakutuandikia ili tujaze karatasi. Anayejua riwaya kwa muhtasari wa kununua hajaisoma, na huo ndio usomaji tulio nao mwingi.

Sasa nije kwenye Peponi. Abdulrazak Gurnah alizaliwa hapa Unguja mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana baada ya mapinduzi, akaandika akiwa Uingereza, kwa Kiingereza. Paradise ilitoka mwaka 1994. Alipopata Tuzo ya Nobeli ya fasihi mwaka 2021 tulishangilia, lakini wangapi kati yetu tulikuwa tumemsoma? Ida Hadjivayanis akaifasiri kwa Kiswahili, ndiyo hii Peponi, Mkuki na Nyota wakaichapa mwaka 2022. Miaka 28 kitabu kilikuwa nje ya lugha ya watu kinaowasimulia.

Nilimsomea mama yangu. Macho yake hayamruhusu tena kusoma, na Kiingereza hakukisoma, kwa hiyo mwandishi huyu alikuwa kwake jina la redioni tu. Kila baada ya sala ya isha nikawa nasoma kurasa tano, sita. Kuna kijana, Yusuf, wa miaka kumi na miwili. Kuna mfanyabiashara tajiri, Aziz, anayefikia kwao, na akifika hupikwa chakula ambacho siku nyingine hakionekani, na akiondoka humwachia Yusuf sarafu. Yusuf anajua kwamba huyo ni mjomba wake, au ami yake. Nasema hivyo kwa makusudi. Kiingereza kina neno moja tu, "uncle", linafunika udugu wa kwa mama na wa kwa baba. Sisi hatuwezi kumwita mtu hivyo bila kusema ni ndugu wa nani, na mfasiri hana pa kujificha, lazima achague. Kwa hiyo uongo alioambiwa yule mtoto, ukisemwa kwa Kiswahili, unakuwa mzito zaidi, maana unataja hata upande wa ukoo.

Mama alinisimamisha kabla hatujafika mbali. "Huyo si jamaa yao," akasema. "Mgeni analishwa vizuri namna hiyo, na baba mtu hana raha? Baba anadaiwa." Sikumjibu. Siku ya pili tukafika Yusuf anapopandishwa treni kwenda pwani, na siku ya tatu Khalil, kijana wa dukani, akamweleza: baba yake alishindwa kulipa, yeye amechukuliwa rehani. Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia jambo ambalo katika umri wangu wote hajapata kunisimulia, kwamba bibi yake alikuwa na ndugu aliyewekwa kwa mtu namna hiyo, na nyumbani alikuwa akitajwa kwa sauti ya chini. Jina lake halikumbuki. Anakumbuka kwamba hakurudi.

Wataalamu wameandika mengi juu ya kitabu hiki. Ninachokijua mimi ni kwamba kilipofika kwao, kwenye mkeka wa mama yangu, kilimkuta mtu anayekijua kabla ya mwandishi hajakiandika, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Tumefika kwenye safari ya bara sasa, msafara umeondoka pwani. Mama amenikataza nisisome mbele bila yeye. Mtaniwia radhi nisipokaa kwa maswali mengi, maana isha inakaribia na ananisubiri.