Mbolea ya ukoka: ununue ipi, uweke kiasi gani, umtoze mteja shilingi ngapi

Karibuni watazamaji. Video hii ni ya anayehudumia bustani za nyasi kwa malipo, hasa Dar es Salaam na ukanda wa pwani, ambako udongo mwingi ni wa kichanga na nyasi nyingi ni ukoka au paspalamu. Uwe na tepu ya mita 30, mizani ya jikoni, kopo, kamba na simu yenye kikokotoo. Kikokotoo ndicho kitakachofanya kazi kubwa.

Tuanze na mfuko. Tazama namba zilizoandikwa mbele: ya kwanza ni asilimia ya naitrojeni, ya pili fosforasi, ya tatu potasi. Urea ni 46-0-0. CAN, yaani kalsiamu amonia naitreti, ina naitrojeni 26, mingine 27. SA, yaani salfeti ya amonia, ina 21, pamoja na salfa. NPK ya 17-17-17 ina vyote vitatu sawasawa. Kinacholeta ukijani na kuchipua ni naitrojeni, kwa hiyo usilinganishe bei za mifuko, linganisha bei ya kilo moja ya naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, wa CAN una 13, wa SA una 10 na nusu. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, urea inauzwa 75,000, CAN 65,000 na SA 50,000. Gawanya: urea inatoka kama 3,260 kwa kilo ya naitrojeni, CAN 5,000, SA kama 4,760. Ule mfuko ulioonekana ghali kuliko yote ndio rahisi kuliko yote. Weka bei za duka lako, hesabu ni ileile.

Mbona basi tusitumie urea kila mahali? Kwa sababu urea ikikaa juu ya udongo bila maji, sehemu ya naitrojeni yake inageuka gesi ya amonia na kupotea hewani. Joto huongeza upotevu huo, na udongo wenye chokaa ya matumbawe, kama ule wa karibu na bahari, huuongeza zaidi. Urea inataka maji ya milimita 12 hivi siku hiyohiyo. Kwenye bustani ya mita za mraba 400 hiyo ni lita 4,800, yaani simtanki la lita 5,000 linakaribia kukauka. CAN haina shida kubwa namna hiyo, kwani nusu ya naitrojeni yake iko tayari katika hali ya naitreti, ambayo haigeuki gesi ya amonia. Milimita 5 zinatosha kuosha majani na kuyeyusha punje. Urea iachie msimu wa mvua za wastani, au bustani yenye mfumo wa umwagiliaji. SA inafaa kwenye udongo wa chokaa kwa sababu inapunguza ualkali wake, yaani kinyume cha uasidi, kidogo kidogo, ila nayo iingizwe kwa maji siku hiyohiyo. NPK tumia mara moja kwa mwaka, au wakati wa kupanda nyasi mpya zinazohitaji fosforasi ya kutolea mizizi. Ukoka ulioshika hauhitaji fosforasi kila raundi. Hiyo ni hela ya mteja inayofukiwa ardhini.

Nunua mfuko ulioshonwa wenye lebo kamili, kutoka kwa muuzaji anayetambuliwa na TFRA, mamlaka ya kudhibiti mbolea Tanzania. Mbolea ya kupimiwa kwenye kifuko cheusi huna namna ya kujua ni nini. Na kitu kimoja msikifanye kabisa: msichanganye urea na CAN kwenye ndoo moja. Zikikutana zinavuta unyevu wa hewa na kugeuka uji, na mashine ya kusambazia inaziba. CAN pia isikae stoo moja na petroli ya mashine ya kukatia nyasi.

Kabla ya kuweka chochote, piga goti. Chuna majani mawili, la chini lililokomaa na la juu changa, uyaweke kiganjani hivi. Kama la chini ndilo lililopauka na changa bado lina afya, ni njaa ya naitrojeni. Kama changa ndilo la njano huku mishipa yake imebaki ya kijani, hilo ni tatizo la madini ya chuma, la kawaida kwenye udongo wa chokaa, na hata ukimwaga mfuko mzima wa urea halitaondoka. Dawa yake ni salfeti ya chuma ya kunyunyiza kwenye majani. Ikidondokea pevingi inaacha doa la kutu lisilotoka, kwa hiyo suuza pembezoni papo hapo.

Sasa kipimo. Kwa udongo wa kichanga weka gramu 3 za naitrojeni kwa kila mita ya mraba kwa raundi moja; kwenye udongo mzito wenye mfinyanzi unaweza kufika 5. Mchanga haushiki mbolea, ukiweka nyingi kwa mkupuo maji yanaishusha chini ya mizizi. Chini ya mwembe au kivuli kingine kizito, weka nusu. Pima bustani kwa tepu, toa nyumba, pevingi na vitalu vya maua. Usikubali kipimo cha mdomo. Mwenye nyumba atakutajia ukubwa wa kiwanja, siyo wa nyasi. Tukipata mita 400, mara gramu 3 ni kilo 1.2 za naitrojeni. Gawanya kwa asilimia ya mfuko: kwa CAN, 1.2 gawanya kwa 0.26 ni kilo 4.6. Kwa urea ni 2.6, kwa SA ni 5.7.

Hapa kwenye kopo ndipo wengi wanapounguza nyasi. Kopo la lita moja la urea lina uzito wa kama gramu 750. Kopo lilelile la CAN linakaribia kilo nzima. Aliyezoea kopo la mbolea moja akahamia nyingine bila kupima, kipimo kimeshaharibika. Pima kila mbolea kwenye mizani mara moja, kisha chora alama yake kwa maka peni.

Kusambaza: gawa bustani kwa kamba, miraba ya mita 10 kwa 10. Kila mraba unapata kilo 1.15 za CAN. Igawe mara mbili. Nusu ya kwanza tembea nayo ukienda na kurudi kwa urefu, nusu ya pili kwa upana. Kwa mkono, changanya na mchanga mkavu mara tatu yake ili isidondoke kwa mafungu. Kwa mashine, ijaribu kwanza: ipitishe mara moja kwenye mita za mraba 20, inatakiwa itoe gramu 115, kwani utapita mara mbili. Ikitoa zaidi, bana tundu. Majani yawe makavu kabisa. Punje ikinata kwenye jani lenye umande inavuta maji ya jani, na kesho yake unakuta madoa ya kahawia. Ukisimama kugeuza mashine funga tundu kwanza, la sivyo kila kona itakuwa na duara lililoungua. Maliza kwa kufagia punje za kwenye pevingi uzirudishe kwenye nyasi, halafu mwagilia.

Kumwagilia ndiko kunakokula faida, na wengi hawakuweki kwenye bei. Chukua ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Kama mpira unaijaza kwa sekunde 40, unatoa lita 15 kwa dakika. Milimita 5 kwenye mita 400 ni lita 2,000, yaani saa 2 na dakika 13 za mtu kushika mpira.

Twende kwenye bei ya bustani hiyo, kwa mfano. CAN kilo 4.6 kwa 1,300 ni karibu 6,000; ongeza asilimia 10 ya kumwagika na kuganda, 6,600. Kazi yote saa 3 na nusu, kijana analipwa 20,000 kwa siku ya saa 8, hiyo ni 8,750. Bajaji kwenda na kurudi 6,000. Glovu, uchakavu wa mashine na vocha 2,000. Jumla 23,350. Weka asilimia 5 ya kurudia sehemu itakayoharibika, unafika kama 24,500. Mbolea yenyewe, mnaona, haifiki theluthi moja.

Ukitaka faida iwe asilimia 30 ya bei, usizidishe kwa 1.3, hapo utapata 31,850, na faida halisi itakuwa kama asilimia 23 tu. Gawanya kwa 0.7. Inatoka 35,000, sawa na 87.50 kwa mita.

Lakini hiyo 87.50 usiipeleke kwenye bustani ndogo. Mita 80 ingekupa 7,000, na bajaji peke yake ni 6,000. Ukipiga hesabu upya, mbolea 1,320, saa moja ya kazi 2,500, usafiri 6,000, vifaa 2,000, tahadhari ileile ya asilimia 5, kisha ugawanye kwa 0.7, bei inakuja karibu 17,700. Kwa hiyo weka bei ya chini, mathalani 18,000, na itaje kwenye simu kabla hujapanda bajaji.

Mteja akisema mtunza bustani wake atamwagilia mwenyewe, mpunguzie zile saa mbili, ila andika kwenye risiti: lita 2,000, leo kabla ya jioni, na nyasi zikiungua kwa kukosa maji marudio yanalipiwa.

Kwa mwaka, raundi 5 zinatosha: mwanzoni mwa Machi masika yakikaribia, Mei mwishoni, Agosti kwa wanaomwagilia tu, Oktoba na Desemba. Siku wingu limefunga la mvua kubwa ahirisha, mbolea itaishia mtaroni. Anayeacha vipande vya nyasi chini baada ya kukata anarudishiwa kama robo ya naitrojeni, kwa hiyo kwake unaweza kuruka ile ya Agosti, na umweleze sababu ili asidhani umemkwepa.