Kibao cha Mary

REHEMA: Karibuni tena. Baraka leo kaja na daftari, ana mambo matatu ya kuwafundisha wanaotafuta asili ya ukoo kwenye vijiji vya Uingereza.

BARAKA: Na nitayamaliza. Ila waambie kwanza Jumamosi ulikuwa wapi.

REHEMA: Eyam, Derbyshire, na wanangu. Baraka, unapita njiani, nyumba za mawe, maua madirishani, watu wanaishi humo. Ukutani pana kibao: waliofia humu kwa tauni, 1665 na 1666. Majina, tarehe, hata umri.

BARAKA: Kijiji kilichojifungia ili tauni isienee.

REHEMA: Ndicho. Kibao kimoja kilinisimamisha. Nyumba ya Mary. Kaolewa mara ya pili, na mshonaji Alexander Hadfield, kaja na wanawe wawili, akina Cooper. Hadfield ana kibarua, George Viccars. Husimuliwa kwamba kitambaa kilitoka London kikiwa na unyevu, Viccars akakianika penye moto, viroboto wenye tauni wakaamka. Septemba akafa. Mwezi haujaisha, kafuata Edward, miaka 4. Oktoba kaka yake Jonathan, miaka 12. Agosti ya mwaka uliofuata, mume.

BARAKA: Na Mary?

REHEMA: Akabaki. Sasa fikiria: daftari la maziko huandika aliyezikwa. Yeye aliyewazika wote hana mstari humo. Bila kibao, tungelisoma kama nyumba isiyo na mama.

BARAKA: Kwa Mary nakubali. Kwa Viccars, hapana. Kijana wa kazi, kitambaa si chake, na kila mgeni anaondoka akijua ndiye aliyeleta tauni. Wewe ungependa ukoo wako uandikwe hivyo ukutani?

REHEMA: Hakuna aliyeandika kwamba alileta. Imeandikwa kwamba alikuwa wa kwanza kufa.

BARAKA: Rehema, msomaji ataelewa nini? Pana makumbusho pale tangu 1994. Humo kuna nafasi ya kueleza vizuri. Kibao kina mistari michache tu.

REHEMA: Makumbusho yana saa za kufunga. Na kumbuka kwa nini Eyam inahitaji alama nje. Kasisi William Mompesson na mwenzake Thomas Stanley waliwaomba watu wasitoke, na kila familia izike watu wake karibu na kwao, si kanisani. Elizabeth Hancock alimzika mume na watoto sita ndani ya siku nane, shambani kwao. Mawe yao yako kule malishoni mpaka leo. Ukitegemea uwanja wa kanisa peke yake, umewapoteza.

BARAKA: Hancock hakuna anayemlaumu! Ndiyo hoja yangu. Kijiji kinapohifadhi watu wake kinachagua pia nani alaumiwe, na mara nyingi ni yule asiye na ndugu pale.

REHEMA: Basi tumfute?

BARAKA: Sijasema tumfute. Abaki kwenye daftari la kanisa.

REHEMA: Ambalo wanangu wasingelifungua kamwe. Mwanangu mdogo wa kiume alisimama pale akamtaja Edward kwa jina. Siwezi kukubaliana nawe.

BARAKA: Wala mimi nawe. Viccars hakuwa na mtu wa kumsemea.

REHEMA: Leo unamsemea wewe, kwa sababu jina lake lipo pale!

BARAKA: Namsemea kwa sababu limewekwa vibaya. Si kitu kimoja.

REHEMA: Tuna dakika mbili. Mambo yako matatu?

BARAKA: Hayatoshi humo. La kwanza, madaftari ya parokia yaliamriwa 1538, lakini si kila kijiji… hapana, hilo peke yake ni nusu saa. Sensa ya 1841 siigusi.

REHEMA: Na ile ya 1931?

BARAKA: Ya Uingereza na Wales iliungua moto 1942. Tuishie hapo, fundi mitambo ananionyesha saa.