Baiti Moja Nje ya Bafa

SALIM: Karibuni tena. Leo tulipanga mambo matatu ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo: kuwasha KASAN, chombo cha kunasa makosa ya kumbukumbu; kuandika maelezo ya kiraka, yaani marekebisho ya programu; na kukifikisha kwenye matoleo ya zamani ya kerneli. Lakini Rehema kaja na lake.

REHEMA: Wiki hii nzima nimeshinda na draiva moja, programu inayoendesha kifaa cha USB. Mashine inaanguka, ripoti inataja msimbo wa mtandao. Inaanguka tena, safari hii inataja mfumo wa faili. Nikajua anayetajwa siye mkosaji.

SALIM: Kuna mwingine anachafua kumbukumbu.

REHEMA: Naam. Nikaijenga kerneli upya na KASAN ndani, nikachomeka kifaa, ikapiga kelele palepale: baiti moja imeandikwa nje ya mipaka. Bafa, yaani nafasi ya kuwekea jina la kifaa, ni ya baiti 32. Draiva inakagua kama urefu wa jina ni 32 au pungufu, inanakili, kisha inaweka sufuri ya kufungia mwishoni, kuonyesha jina limeisha. Jina likiwa na herufi 32 kamili, sufuri inaandikwa kwenye nafasi namba 32, na bafa inaishia 31, maana tunahesabu kuanzia 0.

SALIM: Inaangukia kwa jirani.

REHEMA: Na jirani hubadilika! Bafa hiyo iliombwa kwa kmalloc, kazi ya kerneli ya kugawa kumbukumbu, kwa hiyo inakaa ubavu kwa ubavu na vitu vingine vya ukubwa huohuo. Jirani akianza na kielekezi, yaani anwani ya mahali pengine kwenye kumbukumbu, kwenye prosesa za x86 baiti ya kwanza ndiyo yenye tarakimu za mwisho za anwani. Ikigeuka sufuri, kielekezi kinasogea kidogo tu, mara nyingi kwenye anwani inayosomeka bado. Mashine inaendelea na kazi kwa data mbovu. Hilo ndilo linalonitisha, kuliko hata kuanguka.

SALIM: Ukaweka strscpy, kazi ya kunakili maandishi isiyovuka kikomo na inayofunga kwa sufuri.

REHEMA: Nikaweka strscpy. Mkaguzi mmoja akauliza kwa nini nisitumie strncpy, maana nayo ina kikomo.

SALIM: Hapana, ngoja. Hapa lazima tusimame. Unix ya zamani, kila ingizo la saraka lilikuwa baiti 16: 2 za namba ya inodi, inayotambulisha faili, 14 za jina. Jina la herufi 14 linajaza nafasi yote, sufuri haihitajiki. Jina fupi linajaziwa sufuri hadi mwisho. Kazi hiyo ndiyo strncpy inayoifanya, na inaifanya sawasawa.

REHEMA: Kwa hiyo chanzo kikiwa kirefu, haiweki sufuri ya kufungia.

SALIM: Haifungi kabisa! Watu wameichukua kama njia salama ya kunakili, na siyo. Watu wa OpenBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, wakaleta strlcpy mwaka 1998. Hiyo inafunga, lakini inasoma chanzo chote ili irudishe urefu wake. Chanzo kikikosa sufuri, inaendelea kusoma kumbukumbu isiyo yake. Linux wakaingiza strscpy mwaka 2015, na kufikia toleo la 6.8, mwaka 2024, strlcpy ikaondolewa kwenye kerneli.

REHEMA: Salim, saa inakwenda, na bado tuko kwenye herufi 14.

SALIM: Herufi 14 zinaeleza kila kitu! Lakini sawa. strscpy ikikata jina inarudisha -E2BIG, alama ya kosa kwamba nafasi haikutosha. Wewe ukaifanyia nini?

REHEMA: Nimeandika onyo kwenye logi, nikaacha kifaa kiendelee na jina la herufi 31.

SALIM: Hapo sikubaliani nawe. Herufi ya mwisho mara nyingi ni tarakimu ya namba ya kifaa. Vifaa viwili vinavyotofautiana hapo tu, umevipa jina moja. Programu inayochagua kwa jina itafungua kisicho chake. Rudisha kosa, kikataliwe.

REHEMA: Kifaa hicho kilikuwa kinafanya kazi kwa mwenyewe. Akisasisha kerneli kikagoma, sisi ndio tumemharibia. Kanuni ya Linux hapo haina utata: usivunje programu za watumiaji.

SALIM: Kilikuwa kinafanya kazi huku kikiandika juu ya kumbukumbu ya wengine!

REHEMA: Yeye hajui hilo, wala si kosa lake.

SALIM: Basi panua bafa iwe 33.

REHEMA: Ukubwa wa 32 umo kwenye muundo unaokwenda kwa programu kupitia ioctl, njia ya programu kuzungumza na draiva. Ukiupanua, programu zilizokwisha kujengwa zitasoma sehemu zisizo zake.

SALIM: Kwa hiyo jina la uongo ni bora kuliko kosa la wazi?

REHEMA: Jina pungufu lenye onyo kwenye logi.

SALIM: Logi ambayo programu haiisomi. Sikubali, Rehema.

REHEMA: Nami siondoi.

SALIM: Tumebakiwa na dakika moja. Maelezo ya kiraka hatukuyagusa, wala matoleo ya zamani.

REHEMA: Hayatoshi kwa dakika moja. Wenye draiva za USB, nitumieni mifano ya majina yanayofika herufi 32. Nataka kuona mwishoni kuna nini.

SALIM: Tarakimu, Rehema. Utakuta tarakimu.