Sharti la Uso wa Mbele: Jinsi Mji wa Bath Ulivyojengwa

Ndugu mwenyekiti, wasanifu, maofisa ardhi, na nyinyi wanafunzi mliosimama huko nyuma, asanteni kwa kuja.

Tangazo linasema nitazungumzia wasanifu wa Uingereza wa zama za wafalme George na mji wa Bath. Najua wengi mmekuja kuona nguzo. Picha zitapita ukutani, mtaziona. Mimi nitazungumzia karatasi. Nimeshalisema hili mara nyingi na leo nalisema tena: kilichoufanya mji ule ulingane kuanzia barabara moja hadi nyingine ni sharti moja ndani ya mkataba wa ardhi. Mchoro ulikuwa kiambatisho cha sharti hilo.

Habari za Warumi naziruka. Za Beau Nash, aliyekuwa msimamizi wa starehe za mji, na kumbi zake za dansi naziruka pia. Tukumbuke tu kwamba maji yanatoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 46 hivi, zaidi ya lita milioni moja kwa siku, na kwamba wakubwa wa Uingereza walikwenda kuyaoga na kuyanywa, wakahitaji nyumba za kupanga kwa msimu mmoja. Mwaka 1700 Bath ilikuwa na wakazi elfu chache tu ndani ya ukuta wa zamani. Sensa ya 1801 ikakuta zaidi ya 30,000. Sasa jiulizeni, nani alizijenga nyumba hizo? Mfalme hakujenga. Halmashauri ya mji haikujenga. Mipango ya msanifu John Wood ilipopelekwa mbele yake iliiona ni ndoto.

Huyu John Wood alizaliwa Bath mwaka 1704. Kabla ya kurudi kwao alifanya kazi London, kwenye ardhi za wakubwa zilizokuwa zikigawanywa viwanja, na hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo vitabu vya picha havilisemi: kwamba mtu asiye na fedha ya kujenga hata nyumba tano anaweza kujenga mtaa mzima. Mwaka 1725, akiwa kijana wa miaka 21 hivi, alikwisha kuchora mpango wa mji mpya. Kisha akampata Robert Gay, daktari wa upasuaji wa London aliyekuwa na mashamba nje ya ukuta, upande wa kaskazini. Mwaka 1728 akaanza kuchukua kwake ardhi ya Queen Square, kwa upangaji wa miaka 99.

Naomba tuende polepole hapa, maana hapa ndipo watu husinzia, na ndipo kazi yenyewe ilipo.

Wood anamlipa Gay kodi ya ardhi kila mwaka. Hanunui. Anaigawa ardhi hiyo katika viwanja vyembamba vinavyotazama barabara, halafu anachora uso wa mbele wa upande mzima wa uwanja, akiuchukulia kuwa ni jengo moja. Upande wa kaskazini wa Queen Square ukiutazama unaona kasri: kilemba cha pembetatu katikati, nguzo zilizobandikwa ukutani, mabawa kushoto na kulia. Ni nyumba saba. Kila kiwanja anampangisha fundi mmoja, mwashi au seremala, kwa muda mfupi kidogo kuliko ule alionao yeye, na kwa kodi kubwa kuliko anayomlipa Gay. Tofauti hiyo ndiyo faida yake. Tena kodi hizo za viwanja zinauzika: akipata mnunuzi anaziuza, anapata mtaji wa mtaa unaofuata.

Fundi naye ana nini? Ana mikono na kipande cha karatasi. Karatasi hiyo anaiweka rehani, mara nyingi kwa mwanasheria anayeshika akiba za wajane na wafanyabiashara. Katika kipindi cha ujenzi kodi ilikuwa ya jina tu, ili fedha yote iende kwenye mawe. Palipokosekana fedha, mafundi walibadilishana kazi: mwashi anamjengea seremala ukuta wa mbele, seremala anamwekea mwashi sakafu na ngazi, fundi wa madini ya risasi anawawekea wote wawili mifereji ya paa. Hesabu hufungwa nyumba zikipata wapangaji.

Na sharti lenyewe ni hili: uso wa mbele ufuate mchoro. Upana wa madirisha, kimo cha kila ghorofa, ukingo wa juu wa ukuta unaopita kutoka nyumba hadi nyumba bila kukatika, jiwe gani, nguzo wapi. Nyuma ya ukuta huo fundi yuko huru. Vyumba vingapi, ngazi ikae wapi, jiko liwe na ukubwa gani, apatane na mteja wake. Ndiyo maana ukienda nyuma ya Royal Crescent, ile safu ya nyumba iliyopinda kama mwezi mwandamo, utakuta vurugu: ukuta mmoja umetokeza, mwingine umerudi ndani, madirisha hayalingani, mabomba yanapita yanapotaka. Watalii hucheka wakiona. Mimi nawaambia wanafunzi wangu waanze ziara huko nyuma, ndipo waelewe kwamba mbele kuna jambo limelazimishwa.

Mtu ataniuliza, na huulizwa kila mara: je, bila kipaji cha Wood sharti lingezaa nini? Lingezaa safu ya nyumba za kawaida, nakubali. Sasa geuzeni swali. Mchoro mzuri usio na sharti linalosimamiwa unazaa nini? Jibu lipo palepale Bath, juu ya mto Avon. Pulteney Bridge ilichorwa na Robert Adam, jina kubwa kuliko majina yote ya zama zile, ikakamilika 1774 ikiwa na maduka pande zote mbili. Haikupita miaka ishirini maduka yakaanza kupanuliwa. Mafuriko ya 1799 na 1800 yakaharibu upande wa kaskazini, ukajengwa upya kwa unyonge, na wenye maduka wakaendelea kutoboa madirisha na kutokeza vyumba juu ya maji kila mtu kwa haja yake. Uso wa kusini ndio mnaouona kwenye picha, na hata huo umebidi urejeshwe. Adam alikuwa na kalamu. Alichokosa ni kitu cha kumzuia mwenye duka.

Na wengine husema mambo haya ni ya Waingereza, sisi yanatuhusu nini. Hati za miaka 33, 66 na 99 mnazishika mikononi hapa Tanzania! Neno hilo la 99 halikushuka na mvua. Tofauti ni kwamba kwetu ardhi ni ya umma na masharti ya uendelezaji husimamiwa na ofisi ya serikali, na kule mwenye ardhi alikuwa mtu binafsi ambaye kodi yake ingeshuka siku jirani mmoja akiharibu sura ya mtaa. Alikuwa na sababu ya kwenda kukagua.

Tuje kwenye duara. The Circus ilianza 1754, na mzee Wood akafa mwaka huohuo, miezi mitatu hivi baada ya jiwe la msingi. Mwanawe, John Wood mdogo, akaimaliza miaka ya 1760. Nyumba 33 katika vipande vitatu vya duara, na barabara tatu zinazoingia, zimepangwa hivi kwamba uingiapo kwa njia yoyote mbele yako pana ukuta uliopinda, wala si barabara inayotokea upande wa pili. Nguzo ni jozijozi, za mitindo mitatu ya kale: Kidoriki chini, Kiioniki katikati, Kikorintho juu. Kwenye mkanda ulio juu ya nguzo za chini kuna michongo midogo 525. Kipenyo ni futi 318, na mzee Wood alikuwa ameshapima Stonehenge, duara la mawe la kale la Uingereza, mwaka 1740, akiamini kabisa kwamba mji wake unafufua mambo ya kale. Hayo ya imani yake siyaingii, yangetula jioni nzima.

Ninachotaka wanafunzi wakione ni pembe. Uso ukipinda kuingia ndani, kiwanja kinakuwa chembamba mbele na kipana nyuma, na kuta za pamoja kati ya jirani na jirani haziendi sambamba. Fundi anataka chumba cha mraba, maana mteja ana zulia na meza. Pembetatu inayobaki lazima aifiche: ndani ya unene wa ukuta, nyuma ya bomba la moshi, kwenye kabati. Mnapochora nyumba zilizopinda kwenye kompyuta na kuacha kila chumba kiwe kipande cha duara, mjue kuna mtu atakayeshindwa kuweka kitanda. Na mjue pia kosa dogo huko mbele hukua kadiri ukuta unavyokwenda nyuma, kwa hiyo mstari wa ukuta wa pamoja hupimwa kutoka kitovu cha duara, haupimwi kutoka kwa jirani.

Royal Crescent ni kazi ya mwana, 1767 hadi 1775 hivi: nyumba 30, nguzo 114 za Kiioniki zinazopanda ghorofa mbili juu ya ghorofa ya chini iliyoachwa tupu kwa makusudi. Nyumba namba 1 ilijengwa kwanza ikawa kipimo cha zilizofuata. Brock Street inayotoka The Circus kwenda huko ni ya kawaida sana, nayo ni makusudi, ili ukitokeza mwisho wake uwanja ukufungukie. Mbele waliacha malisho, wakachimba handaki lenye ukuta upande mmoja ili ng'ombe wasipande hadi mlangoni na jicho lisikutane na uzio. Karne ya 19 wenye nyumba kadhaa walishusha vizingiti vya madirisha na kung'oa vijiti vya vioo. Na miaka ya 1970 mwenye nyumba mmoja alipaka mlango rangi ya manjano, halmashauri ikamwamuru aupake upya, akabisha na akashinda. Watu huona ni kisa cha kuchekesha. Mimi naona ni swali la kweli: sharti la 1767 linamfunga nani miaka mia mbili baadaye, na nani ana haki ya kulisoma upya?

Barabara. Hili nalisema haraka lakini mliandike. Hawakuchimba chini kuweka vyumba vya chini ya ardhi. Walijenga ghorofa ya chini kabisa karibu na usawa wa ardhi ya asili, mbele yake wakajenga vyumba vya matao, na barabara ikapita juu ya matao hayo kwa kujaziwa kifusi. Makaa ya mawe yalimiminwa kupitia tundu la kwenye njia ya miguu. Ni akili nzuri sana kwenye mteremko wenye maji, maana huondoi udongo mwingi. Ubaya umekuja baadaye: malori hayakuwa kwenye hesabu zao, na lami ikipasuka maji hushukia kwenye tao.

Jiwe, sasa. Jiwe la Bath ni chokaa ya kale yenye chembe ndogo za mviringo, rangi ya asali. Ralph Allen, aliyetajirika kwa shughuli za posta, alinunua machimbo ya Combe Down, akatengeneza reli ya mbao ya kushushia mawe hadi mto Avon, mto ambao tangu 1727 ulipitisha vyombo kutoka Bristol. Likitoka machimboni jiwe hilo lina maji ndani na hukatika kwa msumeno kama ubao. Likikauka hugumu. Likipigwa na barafu kabla halijakauka hupasuka, kwa hiyo hulazwa likomae kwanza. Kwenye ukuta lazima lilale kama lilivyolala ardhini, tabaka juu ya tabaka; fundi akilisimamisha, tabaka hubanduka moja moja. Vyuma vilivyounganishia mawe vikiota kutu huvimba na kuyachana. Moshi wa makaa huligeuza juu kuwa jasi nyeusi, na anayeisafisha kwa kupuliza mchanga huondoa ngozi ya jiwe pamoja na uchafu. Maji laini ya ukungu, kwa subira, ndiyo njia.

Na saruji! Ukuta ule umeunganishwa kwa chokaa, unapumua kupitia viungo. Ukiviziba kwa saruji, unyevu unakosa pa kutokea ila kwenye jiwe lenyewe, chumvi inaganda ndani yake, uso unachanika. Hapa simzungumzii Mwingereza peke yake. Nenda Mji Mkongwe wa Zanzibar, nenda Lamu, utaona kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilizopigwa lipu ya saruji, na lipu inaanguka na vipande vya ukuta. Ni kosa lilelile, na dawa yake iko kwenye tanuri la chokaa ambalo wazee wetu walijua kulichoma.

Combe Down nayo ililipa: wachimbaji walipunguza nguzo za mawe zilizoachwa chini kushikilia paa la mgodi, kijiji kikabaki juu ya uwazi, na kati ya 2005 na 2010 ukajazwa zege lenye povu kwa gharama ya zaidi ya pauni milioni 150.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Bathwick basi, ng'ambo ya mto Avon, kwa kifupi. Thomas Baldwin alichora Great Pulteney Street mwishoni mwa miaka ya 1780, pana na ndefu, na barabara za pembeni ambazo nyingi ni vipande tu, kwa sababu mwaka 1793 vita na Ufaransa vilianza, benki za Bath zikaanguka, na mnyororo ule wa rehani niliowaeleza ukakatika kila kiungo. Baldwin alifilisika. John Eveleigh, msanifu mwingine, alifilisika pia, na Camden Crescent yake ilikuwa imeshapata balaa la pili, mteremko uliteleza chini ya upande wa mashariki, ndiyo maana kilemba chake hakipo katikati hadi leo.

Na fedha zilitoka wapi? Hilo halitoshi kwa dakika mbili, lakini sitaliacha. Mteja mkubwa wa kwanza wa Wood hapo Bath, Duke wa Chandos, alikuwa mwekezaji katika Royal African Company, kampuni iliyouza watu kutoka Afrika Magharibi. William Pulteney, aliyeendeleza Bathwick, alikuwa na mashamba ya watumwa Karibi. Kodi za msimu zililipwa kwa sehemu na sukari. Anayefundisha nguzo za Kiioniki bila kulitaja hili amefundisha nusu ya hesabu.

Kumbi za Assembly Rooms, bafu la Hot Bath na mabomu ya Wajerumani ya Aprili 1942 sitavifikia. Michoro ya viwanja vya Royal Crescent iko mezani, chukueni mmoja mmoja, na maswali tuanze na wale wa ofisi ya ardhi.