Paa Limegoma Katikati ya Foleni

ZUHURA: Karibuni tena gereji ya hewani. Kaka Mudi, tuanze na kile kisa chako cha mwezi wa nne.

MUDI: Dada, acha tu. Niko kwenye foleni Mwenge, Dar es Salaam, na gari langu la paa gumu linalojikunja na kuingia butini. Wingu limetanda, nabonyeza swichi paa lifunge. Buti linafunguka, paa linanyanyuka, linafika katikati, linagoma. Limeachama kama kiboko. Bodaboda wote simu juu, wananipiga picha.

ZUHURA: (anacheka) Pampu inayosukuma paa ulikuwa unaisikia?

MUDI: Kimya. Ila fundi wa kwanza hata hakuuliza. Alichungulia tu, akasema pampu imekufa. Bei aliyonitajia siitaji hapa, mke wangu anasikiliza.

ZUHURA: Na swali lenyewe ndilo hilo! Pampu ikinguruma na paa halisogei, angalia mafuta ya haidroliki, yale yanayosukumwa na pampu, kagua silinda zinazonyanyua paa kama zinavuja. Ikiwa kimya, anza na umeme: fyuzi, rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, na betri. Betri iliyochoka inaweza kuwasha gari vizuri tu na paa likagoma, maana ile mota inakula umeme mwingi. Mimi paa nalifungua injini ikiwa inaunguruma.

MUDI: Halafu kuna pazia la buti.

ZUHURA: Hilo limewaliza wengi. Gari nyingi za paa gumu zina pazia linalotenga mizigo na nafasi ya paa. Lisipovutwa likakaa mahali pake, swichi yake haiipi kompyuta ruhusa. Mtu anang'oa pampu bure.

MUDI: Langu lilikuwa sawa. Fundi umeme wa pili, kijana mdogo kabisa, alivua ule mpira unaopitisha waya kwenye bawaba ya buti. Akavuta waya mmoja wa kahawia, ukarefuka kama ubani wa kutafuna. Ganda zima, shaba ndani imekatika! Buti likifungwa ncha zinagusana, likifunguka zinaachana. Kompyuta haijui tena buti liko wapi, inasimamisha kila kitu.

ZUHURA: Waya unaokunjwa kila siku lazima uchoke. Sasa fikiria Ford Skyliner ya 1957 kule Marekani: paa la bati, haidroliki hakuna, mota tupu, rilei 10, swichi za kikomo 10, zile zinazohisi sehemu imefika mwisho, na waya kama mita 186.

MUDI: Mita 186? Huyo fundi wake alale hukohuko butini.

ZUHURA: Wewe ulitengenezaje?

MUDI: Kipande kipya cha waya laini, kikaungwa kwa risasi mbali na mkunjo, kikaachiwa ulegevu kidogo. Nusu saa.

ZUHURA: Na siku ile Mwenge?

MUDI: Pampu yangu ina skrubu ya kuachia presha. Nikailegeza, bodaboda wawili wakalishika paa huku na huku, tukalishusha taratibu, vidole mbali na bawaba.

ZUHURA: Na mvua?

MUDI: Haikunyesha hata tone.