Koti la Taylor na Jina la Fundi

ATHUMANI: Haya, karibuni tena barazani. Hapa Mombasa feni yazunguka na jasho latutoka, na leo mazungumzo ni koti.

MWANAISHA: Tena koti la baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri! Ilikuwa 13 Januari 2024, Kansas City huko Marekani. Timu ya futiboli ya Kimarekani, Chiefs, yacheza na Miami Dolphins, na mwimbaji Taylor Swift aja kumshangilia mpenzi wake, Travis Kelce wa Chiefs. Koti jekundu, limetuna kama mto wa pamba, mgongoni jina la Kelce na namba 87.

ATHUMANI: Chiefs walishinda 26 kwa 7, lakini nani alijali? Mitandaoni kulikuwa koti tu, meme juu ya meme.

MWANAISHA: Mimi nilitazama mishono kwanza. Nimelelewa chini ya cherehani, Athu. Nikauliza, nani kashona hili?

ATHUMANI: Kristin Juszczyk.

MWANAISHA: Na mumewe Kyle ni mchezaji wa San Francisco 49ers! Alizoea kukata jezi na kuziunga, ajishonee nguo za kwendea mechi za mumewe. Sasa kamshonea mpenzi wa mchezaji wa timu nyengine. Na Brittany, mke wa Patrick Mahomes wa hao hao Chiefs, siku hiyo pia alivaa lake. Hata mwezi haujatimia, 11 Februari, 49ers na Chiefs wakakutana Super Bowl, fainali ya ligi yao.

ATHUMANI: Chiefs wakachukua, 25 kwa 22, muda wa nyongeza.

MWANAISHA: Mumewe kashindwa na timu ya waume na wapenzi wa hao aliowavisha yeye. Lakini kazi yake ilishajulikana. Januari hiyo hiyo ligi yao, NFL, ilimpa leseni. Nembo za timu ni mali yenye wenyewe, huwezi kuzishonea nguo za kuuza bila ya ruhusa. Hilo ndilo lililonigusa. Picha ilizunguka, na jina la fundi likazunguka nayo.

ATHUMANI: Huku kwetu halizunguki.

MWANAISHA: Mamangu alimshonea bibi harusi gauni, wiki tatu, shanga moja moja kwa mkono. Mkono wa kushoto ulikosea upana, akaufumua kwa wembe usiku, taa iko karibu na uso, ili asikwaruze kitambaa. Picha ikaenda kila kundi la WhatsApp. Watu wakauliza bibi harusi ni nani, mapambo kafanya nani, ukumbi gani. Gauni? Hakuna aliyeuliza. Mama aliiona picha kwenye simu ya jirani, akaikuza kwa vidole mpaka ikabaki ile shanga ya kifuani. Akasema, "Imekaa sawa."

ATHUMANI: Na leso za Biashara Street, wazitambua kwa ile alama ya pembeni, "K.H.E. Mali ya Abdulla". Nyanya zetu waliitafuta kabla hawajasoma jina la leso.

MWANAISHA: Ndiyo! Leso ina mwenyewe. Lakini kanzu ya Idi, nguo ya harusi, fundi hatajwi hata kwenye picha yenyewe. Hiyo kanzu yako kashona nani?

ATHUMANI: Fundi mmoja Mwembe Tayari, mwaka wa sita huu. Mimi humwita Fundi tu... Wallahi Mwanaisha, jina lake silijui.

MWANAISHA: Kaulize.

ATHUMANI: Leo leo. Tukizima maiki hizi napitia kwake kabla hajafunga.